Uhuru na Ushahidi wa Jirani

Uhuru ni neno linalopendwa na kila mtu, lakini ni wachache waliopata kuulizwa wanalipima kwa kipimo gani. Wako wanaolipima kwa bendera, wako wanaolipima kwa shibe, na wako wanaolipima kwa urefu wa majumba ya mji mkuu. Siwalaumu. Kila mtu hupima kwa pishi aliyoikuta nyumbani kwao. Mimi nilizaliwa Ngara, wilaya iliyopakana na Burundi na Rwanda, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya ualimu niliifanya Biharamulo, wilaya jirani. Pishi niliyoikuta mimi ni ya mpakani. Kwa hiyo maoni nitakayoyatoa hapa juu ya uhuru, juu ya haki, na juu ya siasa ya ulimwengu, ni maoni ya mtu aliyekulia mahali ambapo ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, ilhali shangazi zake wanakaa huko huko. Msomaji ana ruhusa ya kuyakataa. Ninamwomba tu asiyakatae kabla ya kuyasikia, maana naamini kuwa kumhukumu mtu bila ya kumsikia ndiyo dhuluma inayozaa dhuluma nyingine zote.

Mpaka wetu haukuchorwa na mtu wa kwetu. Mito miwili, Ruvubu na Kagera, hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na hapo maji hushuka kwa kishindo katika bonde jembamba la mawe. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, alivuka hapo na msafara wake akaingia Rwanda. Baadaye akawa gavana wa koloni lote la Afrika Mashariki ya Wajerumani, na katika zamani zake Vita vya Majimaji vilipiganwa. Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waliafikiana mwaka 1919 namna ya kugawana. Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, Rwanda na Urundi zikawa chini ya Wabelgiji. Katika mgawo huo Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, ilikatwa ikawekwa upande wa Waingereza, kwa sababu walitaka mahali pa kupitisha reli. Mwami Musinga alilalamika, wamisionari wakalalamika pamoja naye, malalamiko yakafika katika Shirikisho la Mataifa, na Gisaka ikarudishwa. Bugufi, nchi ya Wahangaza, iliyofungamana na Urundi kwa lugha na kwa nasaba, ilibaki upande wa Waingereza. Baadaye Bugufi na Bushubi zikafanywa wilaya moja ya Ngara.

Sisemi kuwa ilikuwa heri au shari kwetu kubaki upande huu. Mimi ni Mtanzania, na sitamani kuwa mwingine. Ninasema tu kuwa mkulima wa Bugufi aliamka asubuhi moja akaambiwa yeye ni wa nchi fulani na ndugu yake wa ng'ambo ni wa nchi nyingine, wala hakuna aliyemwuliza neno. Mahali palipopata mtu wa kupasemea palisikilizwa, na mahali palipokosa msemaji palinyamaziwa. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa elimu yangu ya siasa, nami niliipata kwa babu yangu, si kwa vitabu.

Elimu ya pili niliipata kwa baba. Mwaka 1961 alikuwa kibarua wa barabara Biharamulo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba alisimama na wenzake mbele ya boma walilolijenga Wajerumani, boma ambalo lingali limesimama hata leo juu ya kilima chake, akaona bendera moja ikishuka na nyingine ikipanda. Alipenda kutusimulia usiku ule, lakini hakusimulia juu ya ngoma wala nyimbo. Alisimulia kuwa asubuhi yake karani, ambaye siku zote aliandika saa za kazi bila ya kuuliza, alimwuliza kwa mara ya kwanza: "Mzee, jana ulifanya kazi saa ngapi?" Baba akajibu, na karani akaandika kama alivyojibiwa. "Hapo," husema baba, "ndipo nilipojua kuwa tumepata uhuru."

Zamani niliyacheka maneno hayo, nikiyaona madogo mno kwa jambo kubwa kama lile. Sasa nayaona kuwa yamebeba maana yote. Nchi yetu ilipata uhuru kwa njia ya ushahidi. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Wajumbe wa Umoja huo walikuja kuitazama, na wananchi waliweza kuwapelekea malalamiko. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere alisafiri mpaka New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kuinenea nchi yake. Hatukuwa na jeshi, wala hatukuwa na mali ya kumtisha mtu. Tulikuwa na neno tu, na madai yetu yalikuwa haya: kwamba neno la mtu mdogo lipokewe kama neno la mtu mkubwa, lipimwe kwa mizani ile ile. Basi nikiulizwa maana ya uhuru, nitajibu kuwa uhuru ni hali ambayo neno la mdogo hukubaliwa kuwa ushahidi. Palipo na bendera na pasiwe na hali hiyo, pana bendera tu.

Nilijiona mwenye hekima nilipofikia maana hii. Nikaanza kuwapima walimwengu kwayo, na kwa kweli walimwengu walinipa kazi nyingi ya kupima.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua marais wa Rwanda na Burundi, wakirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Habari hazikuwa za siri. Redio zilizitangaza, na askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwako huko walizipeleka kwa wakubwa wao. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kuwapunguza askari wale hadi 270. Siku saba baadaye, tarehe 28 Aprili, watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, na katika muda wa siku moja hivi wakavuka watu wapatao robo milioni. Mwezi Mei Baraza lile lile likabadili shauri, likaamuru askari 5,500, nao wakachukua miezi kufika. Katika siku zipatazo mia waliouawa Rwanda walihesabiwa kuwa 800,000 au zaidi.

Nilikuwa kijana wa miaka 26 wakati huo, nikifundisha Biharamulo. Nilipanda lori la mizigo Lusahunga kwenda kuwatazama wazazi wangu, na kabla ya kufika nyumbani niliona barabara imegeuka mto wa watu. Walibeba magodoro, masufuria, mbuzi, watoto na wazee. Mto Kagera wenyewe ulibeba maiti, na maji yakawachukua mpaka Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa nchi nyingine waliwaopoa na kuwazika. Pale Benaco, mahali palipoitwa hivyo kwa jina la kampuni ya Waitalia iliyopata kufanya kazi ya barabara, kambi iliota kama uyoga baada ya mvua. Wageni wakazidi wenyeji wa wilaya kwa hesabu. Miti ikaisha, visima vikakauka, bei zikapanda. Hata hivyo mama yangu aliwapikia maharage watu asiowajua siku tatu mfululizo, mpaka akiba ya mbegu ikaisha.

Usiku wa siku ya tatu niliwahutubia wadogo zangu kwa hasira juu ya mataifa makubwa. Nilisema kuwa wakubwa wa dunia walikuwa na macho na hawakuona, walikuwa na masikio na hawakusikia, kwa sababu waliokuwa wakilia walikuwa watu weusi wa nchi isiyo na mafuta. Nilisema kuwa walimjua shahidi wakamfungia mlango. Maneno hayo yalikuwa kweli, na leo sioni sababu ya kuyafuta. Lakini nataka msomaji ayaweke moyoni, maana yatarudi kwangu mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine nililolijua kwa shida baadaye: katika mto ule wa watu waliokimbia kifo, walikuwamo pia walioleta kifo. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo ng'ambo ya mto, alikimbilia Tanzania baada ya mauaji ya watu waliokuwa wamejificha katika parokia ya Nyarubuye. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akapelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30 kwa kosa la mauaji ya kimbari na makosa mengine, na mwaka 2006 mahakama ya rufani ikaigeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Je, alihukumiwa kwa nini? Kwa maneno ya wanavijiji walionusurika, wakulima wa kawaida waliosimama mbele ya mahakimu wakasema waliyoyaona. Mahakama ile ilianzishwa Novemba 1994, ikafungwa mwisho wa 2015, na watu wana mengi ya kuilaumu: gharama zake, uzito wa mwendo wake, na upande mmoja tu ulioshtakiwa. Mimi naikumbuka kwa jambo moja. Pale Arusha neno la mdogo lilikubaliwa kuwa ushahidi juu ya mkubwa, na ulimwengu haujauona mambo hayo mara nyingi.

Mwezi Desemba 1996 serikali yetu, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kuwa wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Askari wakawageuza, na karibu nusu milioni wakalivuka daraja lile lile kurudi walikotoka. Nilisimama kando ya barabara nikawatazama. Sikuwa na hasira safari hii. Nilikuwa nimechoka kama walivyochoka wenyeji wote, na nilifurahi. Miongoni mwao walikuwamo wauaji wanaokimbia sheria, na walikuwamo watu wenye hofu ya haki. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao nchi yetu ni mmoja wa watu wake, unakataza mkimbizi kurudishwa kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini, na hakuna aliyekaa na kila mtu mmoja mmoja kumwuliza. Nilijua hayo, maana niliufundisha mkataba huo darasani. Sikuandika hata barua. Nilijiambia kuwa mambo ya dola si ya mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa yanipasa kusimulia jambo ambalo kwa sababu yake nimeandika insha hii.

Katika kijiji chetu alikuwako bibi mmoja aliyetoka Rwanda na mtoto mgongoni mwaka 1960, baada ya machafuko ya Novemba 1959. Bendera ya Tanganyika ilikuwa haijapandishwa bado. Kwa hesabu ya miaka, alitangulia yeye kufika kijijini kabla ya uhuru kufika. Alikuwa mkunga wa jadi, na mikono yake ilinipokea nilipozaliwa mwaka 1968. Nilipotakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa ili niajiriwe, nami nilizaliwa nyumbani pasipo karatasi, ni yeye na mjomba wangu waliokwenda kutoa kiapo. Karani akamwuliza: "Unajuaje kuwa kijana huyu alizaliwa hapa?" Akajibu: "Nilimkata kitovu." Mpaka leo cheti changu, na kwa hiyo kazi yangu, mshahara wangu na uraia wangu mbele ya ofisi zote, vimesimama juu ya maneno hayo.

Mwaka 2013 ilifanyika operesheni iliyoitwa Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa watu waliohesabiwa kuwa wanaishi nchini bila ya kibali. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo: palikuwa na ujambazi wa kutumia silaha barabarani, na palikuwa na makundi ya ng'ombe yaliyoingia katika misitu. Nami nimewahi kulala njiani kati ya Biharamulo na Lusahunga nikiomba Mungu kupambazuke, kwa kuwaogopa majambazi hao. Maelfu ya watu walivuka mpaka siku hizo. Wengine walikuwa wageni wa juzi, wengine walikuwa na miaka hamsini nchini.

Bibi yule alikuja kwangu jioni. Karatasi aliyopewa zamani iliteketea pamoja na nyumba yake ya nyasi. Alikaa juu ya mkeka, akakataa chai, akasema: "Mwanangu, wanataka mtu anayejulikana, mwenye kazi ya serikali, akaseme kuwa tangu azaliwe ananiona hapa. Nikamfikiria mwalimu." Nikamjibu: "Vema, bibi. Nitakwenda kesho."

Sikwenda kesho yake. Nitamweleza msomaji sababu bila ya kuipamba. Bibi yangu mimi, mzaa baba, alizaliwa ng'ambo ya Ruvubu, akaolewa Bugufi. Sheria ya uraia ya mwaka 1961 ilimfanya raia, siku ya uhuru, yule aliyezaliwa Tanganyika ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Baba yangu alikuwa salama kwa upande wa babu. Lakini nani ana cheti cha babu? Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na siku zile mtu alitazamwa kwa namna ya kutamka maneno. Niliogopa kuwa nikisimama kumshuhudia mgeni nitaulizwa: na wewe je, ni nani? Nikasema nitangoje siku mbili upepo utulie. Siku ya tatu nilipokwenda nilikuta mlango wake umefungwa kwa kamba ya mgomba, na kuku wake wamegawanywa kwa majirani. Nilipewa mmoja nami. Nikampokea.

Tangu siku hiyo hotuba yangu ya Aprili 1994 imekuwa ikinirudia. Nilisema wakubwa wa dunia walimjua shahidi wakamfungia mlango. Nami? Baraza la Usalama lilikuwa na wajumbe kumi na tano wa kugawana lawama. Mimi nilikuwa peke yangu. Wao walikuwa mbali maelfu ya maili; mimi nilikuwa mbali hatua mia mbili. Wao hawakuwa na deni kwa waliokufa. Mimi nilikuwa na deni la kitovu changu.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya nafsi yako, yanahusu nini siasa ya ulimwengu? Najibu kuwa yanaihusu sana, maana siasa ya ulimwengu ni tabia hiyo hiyo iliyovikwa joho. Mataifa matano yana kura ya turufu katika Baraza la Usalama, na Afrika, bara lenye nchi zaidi ya hamsini, halina hata kiti kimoja cha kudumu humo. Marekani, Urusi na China si wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilhali wao huketi katika Baraza lenye uwezo wa kuwapeleka wengine mbele yake. Huo ni udhalimu, nami naulaani. Lakini Burundi, jirani yetu mdogo, naye alijitoa katika mahakama hiyo Oktoba 2017, wakati ambapo waliokimbia nchi yake walikuwa wangali katika kambi zetu. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na raia wa Kongo walipolia kuwa wanaonewa, kila nchi ya jirani ilisikia kwanza faida yake kabla ya kusikia kilio chao. Udogo si utakatifu. Mnyonge akipata nafasi ya kumfungia mlango mnyonge mwenzake huifunga kwa komeo lile lile, na sababu zake hufanana na za mkubwa: usalama, wakati usiofaa, na hofu ya kuulizwa yeye ni nani.

Yako mabishano mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni kuwa nchi isiyolinda mpaka wake si nchi. Nakubali. Mwezi Julai 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika ziliafikiana, kwa hoja iliyotolewa na Nyerere, kuiheshimu mipaka zilizoirithi siku ya uhuru wao. Nadhani walifanya vema, kwa kuwa ua ukianza kuhamishwa huhamishwa kwa damu. Lakini kuuheshimu mpaka ni jambo moja, na kudhani kuwa mpaka unaujua moyo na maisha ya mtu ni jambo jingine. Mpaka haukumkata mtu kitovu. Sheria inapotaka kujua nani ni nani, hapana budi iwaulize majirani, na majirani hawana budi kujibu. Mwenye kutoa ushahidi hapingani na sheria; anaipa macho.

La pili ni kuwa mtu mmoja hawezi kitu. Hili nililitumia mwenyewe mwaka 1996. Lakini Gisaka ilirudishwa kwa malalamiko. Tanganyika ilipata uhuru kwa maneno. Gacumbitsi alihukumiwa kwa vinywa vya wakulima. Katika kila jambo palikuwa na mtu wa kwanza aliyesema, "Mimi nilimwona." Sijui kama neno langu lingemwokoa bibi yule. Yamkini lisingemwokoa. Hata hivyo sikuombwa kumwokoa, niliombwa kusema ninalolijua.

Mwaka 2016 daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa Rusumo. Maporomoko yenyewe sasa yanazalisha umeme, na mradi huo wa megawati 80 ni mali ya nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania. Wakati wa daraja jipya nilivuka kwenda kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya Kirehe, nyumbani kwa mjukuu wake, macho yamefifia lakini akili ni ile ile. Nilimpelekea karatasi yenye muhuri, niliyoiandikia kiapo pamoja na wazee watatu wa kijiji, kwamba alikaa kwetu tangu mwaka 1960. Nikapiga magoti nikamwambia yote, pamoja na habari ya yule kuku.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Nilikungoja siku mbili. Nikadhani umeugua, mwanangu. Nikawaambia wanangu, hawezi kuacha kuja ila ameugua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Alikuwa amenitolea ushahidi mwema tena, mara ya pili, na safari hii haukuwa wa kweli. Akaichukua ile karatasi, asiyeweza tena kuisoma, akaikunja akaifunga katika pindo la kitenge chake. Akaniuliza kama mgomba ulioko kando ya choo ungali unazaa. Nikamwambia unazaa. Akafurahi.

Sina la kuongeza ila hili. Kila mwaka tarehe 9 Desemba huwaambia wanafunzi wangu wa zamani, wanaokuja kunitazama sasa nikiwa mstaafu, kwamba wasichoke kuyadai mataifa makubwa haki. Wayadai kwa sauti, bila ya kuona haya. Lakini kabla ya kulala siku hiyo, kila mtu na ajiulize ni nani katika mtaa wake anayengoja aseme neno alilo nalo, naye amemwambia "kesho". Neno hilo na lisemwe leo. Nchi ambayo watu wake husemeana kweli mbele ya mlango wa mtendaji wa kijiji itakuwa na uso wa kusimama mbele ya Baraza la Usalama. Isiyofanya hivyo itapaza sauti New York, na mwangwi utairudia kutoka katika nyumba iliyofungwa kwa kamba ya mgomba.